Aliyejeruhiwa Juu ya Mawingu

Watu wa Shumba, huku Pemba, hawahitaji kuelezwa maana ya kuumia mbali na nchi kavu. Mvuvi akichomwa na taa nje ya mwamba, maji yanakupwa na upepo umekata, dawa yake ya kwanza ni yule aliyekaa naye chomboni. Huyo ndiye atakayefunga jeraha, atakayemsemesha asizimie, atakayeamua kuziacha nyavu zipotee ili chombo kigeuze. Hospitali ya Micheweni ipo na ya Wete ipo, lakini kabla ya kufika huko ipo mikono ya mwenzako.

Habari za wanahewa wa ndege za mabomu nimezisoma kwa jicho hilo la mtu wa pwani, na naamini ndilo jicho linalofaa. Vitabu vya rekodi hupenda kuhesabu mita alizoanguka mtu na vipande vya chuma alivyotolewa mwilini. Hesabu hizo nitazitaja, maana zinastaajabisha kwelikweli. Ila ukizifuata moja moja utakuta kwamba mara nyingi majeruhi aliyepona alikuwa na mwenziwe aliyetoa sehemu ya nafasi yake mwenyewe ya kuishi ili ampe yeye.

Hesabu kali kuliko zote

Vitani nchi kavu, majeruhi huwa wengi kuliko maiti. Katika vita vikubwa vya karne ya 20 ilikuwa kawaida kuhesabu majeruhi watatu hivi kwa kila aliyekufa. Angani hesabu hiyo ilipinduka. Kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza ilikuwa na wanahewa wapatao 125,000 katika Vita vya Pili vya Dunia. Waliokufa ni 55,573. Waliotekwa ni 9,838. Waliojeruhiwa ni 8,403 tu. Kwa kila majeruhi mmoja, basi, walikufa karibu saba.

Risasi za angani hazikuwa na sumu kuliko za ardhini. Tofauti ilikuwa mahali. Askari wa nchi kavu wa Marekani aliyejeruhiwa katika vita hivyo hivyo, akafikishwa kwa matabibu akiwa hai, alikuwa na matumaini makubwa: katika kila 100, waliofia mikononi mwa matabibu hawakufika watano. Lakini angani hakuna wabeba machela. Ndege ikilipuka, mwenye mchubuko na aliyekatika mguu hufa pamoja. Ikisalimika, hospitali iko saa tatu au nne mbele, na njia yote hiyo ni mizinga, hewa haba na baridi.

Baridi hiyo sisi wa visiwani hatuna mfano wake. Katika kimo cha mita 7,000 na zaidi, ambako ndege za Marekani zilipita mchana, hewa ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, na wapiga bunduki wa ubavuni walisimama kwenye madirisha yaliyo wazi. Hadi kufikia mwisho wa 1943, wanahewa wa Jeshi la Nane la Anga la Marekani walioharibiwa viungo na baridi walikuwa wengi kuliko walioumizwa na adui. Mwenye kutaka kumfunga mwenziwe jeraha ilimbidi avue glovu, na vidole vikafa ganzi kwa dakika chache. Mofini iliganda ndani ya vitubu vyake, na wengine waliitia kinywani kwanza ili ipate joto. Mpira wa hewa ya kupumua ukichomoka usoni pa majeruhi bila ya mtu kuona, yeye hufa kwa kukosa hewa hata kama kidonda chake kingepona.

Ndege yenye majeruhi ilipofika nyumbani ilirusha fataki nyekundu ikiwa bado hewani. Hapo ilipewa njia ya kutua kabla ya nyingine zote, na gari la wagonjwa likaanza kukimbia kandokando ya uwanja hata magurudumu hayajagusa chini.

Vita vifupi zaidi, na majeruhi mmoja

Rekodi moja ya dunia tunayo hapa kwetu, na inafaa kuwekwa kando ya hizo za angani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga kasri la Unguja kwa dakika 38 hivi, na vita hivyo hutajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia. Upande wa Zanzibar waliuawa au kujeruhiwa watu wapatao 500. Upande wa Uingereza aliumia vibaya baharia mmoja wa manowari ya Thrush, naye akapona. Alikuwa ndani ya manowari, karibu na matibabu. Wale waliobaki chini ya mbao za kasri linaloungua hawakuwa na cha namna hiyo, na kila nikiiona rekodi hiyo ya dakika 38 imeandikwa kama jambo la kufurahisha wageni, huwakumbuka wao.

Ndege iliyotunguliwa karibu na kwetu

Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliishambulia manowari ya Uingereza Pegasus bandarini Unguja, ikaua watu 38 na kujeruhi 55. Baadhi ya waliokufa wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika mikoko ya mto Rufiji, ambako jicho la baharini halikuweza kuifikia. Waingereza wakaleta ndege, na kisiwa cha Mafia kikawa uwanja wao.

Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenziwe Harwood Arnold walipaa juu ya delta kwa ndege ya aina ya Farman. Kazi yao ilikuwa kuwaambia wapiga mizinga wa manowari mbili, Severn na Mersey, makombora yao yanaangukia wapi, maana wao wenyewe hawakuiona shabaha yao. Arnold alikuwa akigonga taarifa hizo kwa redio. Mizinga ya Königsberg ikaipata ndege, injini ikafa, wakaanza kushuka.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Mtu anayeshuka na ndege iliyokufa kuelekea mto wenye mamba ana haki ya kujifikiria nafsi yake. Arnold aliendelea kugonga masahihisho ya shabaha muda wote walipokuwa wakishuka, mpaka makombora yakaipata Königsberg sawasawa. Ndege ikaanguka mtoni karibu na Mersey na kupinduka. Arnold alitoka, Cull alinaswa ndani ya mabaki chini ya maji. Arnold akarudi, akamtoa. Wote wawili walipewa nishani ya DSO, na Königsberg ilimalizika siku ile ile. Mizinga yake ilitolewa mtoni ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja wao unaonekana mpaka leo Fort Jesus, Mombasa.

Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi ya kwanza ya Afrika Mashariki katika jambo hili: wanahewa waliotunguliwa wakiwa kazini na kupona wote wawili, mmoja kwa mikono ya mwingine.

Dawa iliyosafiri mbali zaidi bila ya kufika

Miaka miwili baadaye jeshi la kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, limeishiwa risasi, kwinini na bendeji. Daktari wa Kijerumani Max Zupitza alipendekeza liletewe msaada kwa puto kubwa la injini, zeppelin. Likatengenezwa L59. Lilibeba tani 15 za shehena: bunduki za rashasha, risasi, dawa na vifaa vya tiba. Halikukusudiwa kurudi. Likitua lingechanwa, turubai yake ikawa mahema na nguo, mifupa yake ikatumika kujengea.

Liliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Likavuka Bahari ya Kati, likapita jangwa la Misri na kuingia Sudan. Huko, magharibi ya Khartoum, likapokea amri ya kurudi. Tarehe 25 Novemba lilitua pale pale lilipoanzia, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila ya kutua hata mara moja, rekodi kubwa mno kwa wakati ule. Siku ile ile ya tarehe 25, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Nyuma yake alikuwa amewaacha wagonjwa na majeruhi wengi wachukuliwe na Waingereza, kwa sababu hakuwa na dawa za kuwatibu wala watu wa kuwabeba.

L59 liligeuzwa kuwa chombo cha kudondoshea mabomu, likaipiga Napoli mwezi Machi 1918. Tarehe 7 Aprili 1918 lilikuwa njiani kwenda kuipiga Malta lilipowaka moto juu ya mlango-bahari wa Otranto. Bockholt na wote waliokuwa naye walikufa. Chombo kilichojazwa gesi ya haidrojeni hakikuwaachia nafasi hata ya kujeruhiwa.

Mlango mwembamba zaidi

Mwanafizikia Freeman Dyson, ambaye wakati wa vita alikuwa kijana wa ofisi ya utafiti ya kamandi ile ya Uingereza, alieleza baadaye jambo lililomsumbua maisha yake yote. Ndege ya Kimarekani ikitunguliwa mchana, karibu nusu ya waliokuwemo walitoka wakiwa hai. Halifax ya Uingereza usiku, kama robo. Lancaster, ndege iliyosifiwa kuliko zote, ni 15 tu katika 100. Sababu moja ilikuwa mlango wa dharura wa mbele: upana wake inchi 22, mwembamba kuliko ule wa Halifax. Kijana aliyevaa makoti ya baridi na kufunga mwavuli kifuani alikwama hapo gizani huku ndege ikizunguka. Na mwenye mguu uliovunjika atapitaje mlango ambao mzima umemshinda?

Kwa ubaya wa milango, Tanzania nayo ilitembelewa na ndege inayostahili kutajwa. Mwishoni mwa Machi 1979, katika vita vya Kagera, Libya ilituma ndege ya Tupolev Tu-22 kuja kulipua ghala la mafuta Mwanza ili kumsaidia Idi Amin. Shambulio hilo lilikosa shabaha, likaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, likaua swala. Ndege ile ilikuwa na watu watatu, na viti vyao vya kujiokoa viliwarusha kuelekea chini. Ndege ikipata hitilafu wakati wa kupaa au kutua, kujirusha kulikuwa ni kujipiga ardhini. Aliyejeruhiwa ndani ya Tu-22 iliyo karibu na ardhi alikuwa na matumaini madogo kuliko yule wa Lancaster.

Walioanguka kutoka juu zaidi

Hizi ndizo rekodi zinazopendwa, nazo nitazipita upesi, kwa sababu ni matukio ya bahati na majaaliwa, na mtu hawezi kujifunza namna ya kuanguka.

Ivan Chisov, mwongozaji wa ndege ya Kisovieti, aliruka kutoka kama mita 7,000 mwezi Januari 1942. Alikusudia kuchelewa kufungua mwavuli ili ndege za Wajerumani zisimpige hewani, lakini hewa haba ikamzimisha. Alipiga ukingo wa bonde lenye theluji, akateleza hadi chini. Alivunjika nyonga na kuumia uti wa mgongo, akapona, akarudi kazini.

Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkiani mwa Lancaster, aliruka usiku wa Machi 1944 kutoka mita 5,500 bila ya mwavuli, kwa kuwa mwavuli wake ulikuwa unaungua na yeye hakutaka kufa kwa moto. Misonobari na theluji vikampokea. Aliteguka mguu tu, na kuungua kidogo. Wajerumani walimdhania mpelelezi mpaka walipokwenda kukagua mabaki ya ndege.

Alan Magee ndiye wa kutazamwa kwa makini, kwa sababu yeye alikuwa mahututi kweli. Tarehe 3 Januari 1943 alikuwa katika kibanda cha duara chini ya tumbo la ndege ya Kimarekani ya B-17 juu ya Saint-Nazaire, Ufaransa. Vipande vya makombora vilimchana na kuuharibu mwavuli wake. Alitupwa nje katika kimo cha mita 6,700, akazimia, akapita kwenye paa la kioo la stesheni ya reli. Alikuwa na vidonda 28 vya vipande vya chuma, mguu umevunjika, pafu na figo zimeumia, mkono wa kulia karibu ukatike. Paa la kioo lilimpunguzia kasi. Lakini aliyemwokoa mkono na uhai ni daktari wa Kijerumani aliyemtibu, wa jeshi ambalo Magee alikuwa amekuja kulidondoshea mabomu. Aliishi hadi 2003, akafa na miaka 84.

Uamuzi mzito kuliko wote

Tarehe 26 Julai 1943 ndege ya B-17 iliyoitwa Ruthie II ilikuwa njiani kwenda kushambulia Hannover. Rubani Robert Campbell alipigwa kichwani, akawa hajitambui lakini ameng'ang'ania usukani. Rubani msaidizi, John Morgan, alirusha ndege kwa mkono mmoja kwa saa mbili huku mwingine ukimzuia Campbell. Kwa kazi hiyo alipata Nishani ya Heshima ya Marekani, na ndilo jina lililobaki vitabuni.

Mimi nawasimulia watu habari ya Keith Koske, mwongozaji wa ndege hiyo hiyo. Mpiga bunduki wa juu, Tyre Weaver, alianguka miguuni pake, mkono wa kushoto umekatwa begani. Koske alijaribu kufunga kamba ya kuzuia damu, hakukuwa na kipande cha mkono cha kufungia. Alijaribu kumchoma mofini, sindano ikapinda. Akapiga hesabu: Uingereza iko saa nne mbele. Weaver asingefika.

Basi akaufungua mlango wa dharura. Akamvika Weaver mwavuli, akamtia pete ya kufungulia katika mkono wake wa kulia. Weaver, amechanganyikiwa, akaivuta papo hapo, na mwavuli mdogo ukaanza kufumka ndani ya ndege. Koske akaukusanya, akaukunja chini ya kwapa la Weaver, akamchuchumaza mlangoni, akamsukuma nje, juu ya nchi ya adui, akitarajia kwamba Wajerumani watamwona na watakuwa na daktari.

Fikiria uzito wa msukumo ule. Ungekosea, umemuua rafiki yako kwa mikono yako. Koske alirudi Uingereza bila ya kujua. Weaver alishuka karibu na Hannover, akaokotwa, akatibiwa hospitali, akaishi mateka wa vita asiye na mkono mmoja. Campbell, aliyerudishwa nyumbani hadi uwanjani, alifariki muda mfupi baada ya kutua.

Kuna waliochagua kinyume chake. Tarehe 9 Novemba 1944 marubani Donald Gott na William Metzger walikuwa na B-17 inayowaka baada ya kushambulia Saarbrücken. Fundi wao wa redio alikatwa mkono chini ya kiwiko, akazimia. Hakuweza kusukumwa nje. Wangeweza kuruka wakamwacha. Wakawaamrisha wengine waruke, wao wakakaa kumtafutia mahali pa kutua ili apate matibabu. Ndege ikalipuka kabla haijagusa ardhi, wakafa wote watatu. Huwezi kusema Koske alipatia na hawa walikosea. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

Mwavuli ulioshikwa na watu

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1944, Lancaster iliyotoka kuishambulia Schweinfurt ilishika moto kwenye bawa. Norman Jackson, fundi wa injini wa ndege hiyo, alikuwa tayari amejeruhiwa na vipande vya makombora. Akachukua kizimamoto akakiingiza ndani ya koti, akapanda nje, katika mita 6,700 za urefu na upepo wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Alipokuwa anatoka, mwavuli wake ulifumka ndani ya chumba cha rubani. Wenziwe wakazikusanya kamba, wakawa wanazishika na kumlegezea kadiri anavyosogea, mithili ya mtu anayempa samaki mkubwa mshipi. Jackson alifika bawani, akaanza kuuzima moto, akapigwa tena risasi na ndege ya adui, mikono na uso vikaungua, akateleza. Wenziwe wakauachilia mwavuli kwa haraka. Alishuka nao umetoboka na unaungua, akavunjika kifundo cha mguu, akatambaa hadi kijijini. Alikaa hospitali za Wajerumani miezi kumi. Alipata Nishani ya Viktoria na kuishi mpaka 1994. Angani, pasingekuwa na waliozishika zile kamba, asingelifika hata kwenye bawa.

Pigo kubwa kwa Waafrika Mashariki

Jambo hili lilitokea baharini, lakini haliwezi kuachwa, kwa sababu waliokufa walitoka kwetu na wengine walikuwa wakienda kuwatibu majeruhi. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944 kuelekea Colombo. Ilichukua watu 1,511, miongoni mwao mamia ya askari wa Mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wa kike. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Japani I-27 iliipiga karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika zisizofika mbili.

Walikufa watu 1,297, kati yao wanawake 77. Hakuna tukio jingine lililoua wanawake wengi wa majeshi ya Jumuiya ya Madola kwa mara moja. Walionusurika ni wanaume 208 na wanawake sita. Na palitokea jambo zito: nyambizi ilikuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Manowari Petard na Paladin ziliogopa kwamba itazamisha meli nyingine za msafara, zikadondosha mabomu ya kina pale pale. Nyambizi ilizamishwa mwishowe. Baadhi ya waliokuwa majini waliuawa na mabomu ya upande wao wenyewe.

Siwezi kuilinganisha amri hiyo na ya Koske mlangoni pa ndege. Koske alimwona usoni mtu aliyemwamulia. Maofisa wa manowari waliona vichwa majini, wakawapima na maelfu wasiowaona. Majina ya vijana wale wa Kenya, Uganda na Tanganyika yamechongwa ukutani mwa kumbukumbu za vita. Katika vitabu vya shule sikuyakuta.

Mwafrika mmoja wa ndege za mabomu

Kutoka Afrika Magharibi yupo Johnny Smythe wa Freetown, mwongozaji wa ndege za Uingereza. Novemba 1943 ndege yake ilitunguliwa juu ya Ujerumani, naye ameumizwa na vipande vya chuma tumboni na kinenani. Aliruka, akajificha ghalani, wakamkamata askari walioshangaa kumkuta mtu mweusi mwenye sare ya ofisa wa Uingereza. Alikaa kambi ya mateka ya Barth mpaka 1945. Alirudi kwao, akawa mwanasheria wa juu serikalini.

Vazi na maji ya chumvi

Daktari Malcolm Grow wa Jeshi la Nane la Anga aligundua kwamba majeraha mengi ya wanahewa yalitokana na vipande vya chuma vinavyokwenda kwa kasi ndogo, ambavyo sahani nyembamba ya chuma ingeweza kuvizuia. Akaagiza mavazi ya sahani za chuma kutoka Wilkinson, watengenezaji wa panga wa London. Yalikuwa mazito, kilo tisa hivi, lakini waliojeruhiwa kifuani na wakafa walipungua sana.

Kwa walioungua, mtu wa kukumbukwa ni Archibald McIndoe, mpasuaji kutoka New Zealand aliyefanya kazi East Grinstead, Uingereza. Desturi ya wakati ule ilikuwa kupaka majeraha ya moto tindikali ya taniki, ambayo huikausha ngozi ikawa kama gome. McIndoe aliona kwamba marubani walioangukia baharini walipona kwa makovu machache kuliko walioangukia nchi kavu. Akaiacha ile dawa, akaanza kuwalaza wagonjwa wake katika beseni za maji ya chumvi yaliyo vuguvugu. Waliotengenezwa upya nyuso na mikono naye walianzisha chama chao mwaka 1941. Vita vilipokwisha kilikuwa na wanachama 649, na wengi wao walitoka katika ndege za mabomu. McIndoe aliwataka wakazi wa mji wawakaribishe vijana hao majumbani bila ya kugeuza macho, na mji ukakubali. Naona jambo hilo ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu aliyepona ngozi akabaki anajificha hajapona.

Nishani iliyotoka haraka zaidi

Tarehe 12 Aprili 1945 ndege ya B-29 ilikuwa inakaribia Koriyama, Japani. Kazi ya Henry Erwin, fundi wa redio, ilikuwa kudondosha mabomu ya moshi ya fosforasi kupitia bomba la sakafuni ili ndege nyingine zijue pa kukusanyika. Moja lilirudi juu likiwaka, likampiga usoni. Fosforasi huungua kwa joto kali mno na haizimiki kwa kufutwa. Pua yake iliungua, macho yakapofuka, ndege ikajaa moshi na rubani hakuona vipimo vyake.

Erwin aliliokota bomu lile kwa mikono yake. Kipofu, anaungua, alipapasa njia kuelekea mbele, akakuta meza ya mwongozaji imemzuia, akalibana bomu baina ya mkono na ubavu ili mkono mmoja uifungue meza. Alipofika kwenye dirisha la rubani msaidizi akalitupa nje, ndipo akaanguka. Ndege iligeuza mara moja kuelekea Iwo Jima, na njiani wenziwe walimpa mofini na kumzimia moto uliokuwa bado unawaka mwilini mwake, maana fosforasi huwaka tena ikipata hewa.

Madaktari hawakutarajia ataishi. Wakubwa wake waliandika pendekezo la Nishani ya Heshima usiku ule ule, likapitishwa Washington kwa siku chache ilhali kawaida huchukua miezi. Hapakuwa na nishani karibu. Moja ilitolewa ndani ya kabati la maonyesho Hawaii ikapelekwa kwa ndege. Alivishwa tarehe 19 Aprili kitandani Guam, amefungwa bendeji mwili mzima.

Erwin hakufa. Alifanyiwa operesheni zaidi ya 40, akarudi kuona, na mkono mmoja ukarudi kufanya kazi. Alifanya kazi miaka 37 katika ofisi ya maveterani huko Birmingham, Alabama, akiwasaidia waliojeruhiwa vitani kupata haki zao. Alifariki Januari 2002.